Sakafu ya Mianzi na Moshi wa Jikoni



Katika nchi ya majani chai, mwezi wa bonasi ni mwezi wa kupimwa kwa ndoa. Mwaka mzima bwana na bibi huamka na umande, huchuma majani mawili na chipukizi, hubeba kikapu hadi kituo cha kupimia, na malipo ya kila mwezi huishia kwenye unga, sabuni na karo. Kisha bonasi huja, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, na angalau kwa siku chache nyumba huwa na fedha. Hapo ndipo tunapojua kama watu wawili wanaolala chini ya bati moja wana shabaha moja.

Bwana mmoja wa upande wa Bomet ametueleza shida yake. Tunaitoa hapa bila jina lake, maana tunaamini si yake peke yake. Nyumba yake ni ya matofali, na sakafu ni ya saruji, imepasuka hapa na pale. Siku moja alipokuwa Nairobi aliona dukani mbao za sakafu zilizotengenezwa kwa mianzi, laini na zenye rangi ya asali. Muuzaji akamweleza kwamba mwanzi hukua upesi, kwamba kwa sakafu hiyo hakuna msitu unaoangamizwa, na kwamba anayeitandika nyumbani mwake anaitunza dunia. Bwana huyu ameshuhudia kwa macho yake jinsi misitu ya Mau ilivyopungua, na maneno yale yalimwingia moyoni. Akaamua kwamba bonasi ijayo itatandika sakafu ya mianzi sebuleni. Mkewe akakataa. Alimwambia hivi: "Baba watoto, sakafu hiyo itaokoa msitu gani, nami kila jioni nabeba kuni na kupika kwenye mafiga matatu?"

Sasa bwana anauliza: "Je, nikitenda jambo jema ambalo mke wangu hataki, nimekosa?"

Swali hili si dogo, ndugu msomaji. Ukiliondoa neno sakafu na kuweka neno mchango, au shamba, au kumsomesha mpwa, utaona ni swali linaloingia katika kila nyumba. Basi tulitazame polepole.

Bwana ana ukweli wake

Tusimcheke mume huyu. Wako wengi ambao bonasi yao huishia kwenye baa za mjini kabla ya kufika nyumbani. Huyu alifikiria nyumba yake, na tena alifikiria zaidi ya nyumba yake.

Hayo aliyoambiwa juu ya mwanzi yana kweli ndani yake. Mwanzi si mti. Ni wa jamii ya nyasi, ndugu wa muwa na mahindi. Chipukizi lake likitoka ardhini hufikia urefu wake wote kwa miezi michache tu, kisha hukaa miaka mitatu hadi sita likikomaa na kuwa gumu. Mti wa mbao ngumu huhitaji miongo ya miaka. Tena ukikata mwanzi uliokomaa, mizizi hubaki hai na kutoa machipukizi mengine, wala udongo hauachwi wazi kwa mvua kuuchukua.

Wala mwanzi si mgeni kwetu. Wakipsigis huuita tegat, na hata mahali pameitwa kwa jina hilo. Mianzi ya asili hukua juu milimani, kwa kawaida kuanzia meta 2,400 hivi, katika Mau, Aberdare, Mlima Kenya, Elgon na Cherangani. Wazee wetu walijengea nyua na maghala, wakasukia vikapu, hata vile vya kuchumia majani chai kabla ya vikapu vya plastiki kuenea.

Na Mau si msitu wa mtu mwingine. Humo hutoka mito ya Nyangores na Amala, ambayo hukutana na kuwa mto Mara, ukapita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Humo hutoka pia maji ya mto Sondu. Mwaka 2001 serikali iliondoa makumi ya maelfu ya hekta za Mau katika hifadhi, na miaka iliyofuata ilijaa ugomvi, kufukuzwa kwa watu, na mito inayopungua wakati wa kiangazi. Mume anayejali jambo hilo anajali maji watakayokunywa wajukuu wake. Bibi, ikiwa mumeo ni wa namna hiyo, umshukuru Mungu kwanza, kisha ndipo mbishane.

Lakini ubao si mwanzi

Hata hivyo, mwanzi uliosimama kando ya mto na ubao uliofungwa kwa karatasi dukani ni vitu viwili. Kati yao kuna safari ndefu, na muuzaji hakuisimulia yote.

Mbao nyingi za mianzi zinazouzwa duniani hutoka China, na hutengenezwa kwa mwanzi uitwao moso. Mwanzi hupasuliwa vipande vyembamba, huchemshwa ili kuondoa sukari inayowavuta wadudu, hukaushwa, hupakwa gundi na kubanwa kwa mashine mpaka ushikamane kuwa ubao. Baadhi ya gundi hizo zina formaldehidi, ambayo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka mwaka 2004 miongoni mwa vitu vinavyowaletea wanadamu saratani. Ziko mbao zenye gundi salama zaidi, lakini mnunuzi asipouliza hatazijua. Kisha ubao hupakiwa melini hadi Mombasa, na kwa lori hadi kwetu. Tena huko China kuna sehemu ambako misitu ya asili ilikatwa ili mwanzi wa aina moja upandwe. Haifai, basi, kusema kwamba kila sakafu ya mianzi imeuacha msitu salama.

Je, mianzi yetu? Tangu mwaka 1986 kulikuwa na amri ya kukataza kukata mianzi katika misitu ya serikali. Mwaka 2020 serikali ilitangaza mwanzi kuwa zao la biashara, nalo ni jambo jema kwa anayetaka kuupanda katika shamba lake. Lakini kukipanda kichaka si sawa na kuwa na kiwanda cha mbao.

Halafu kuna hali ya hewa yetu. Kericho na Bomet ni nchi ya mvua. Watoto huingia na matope mekundu, viatu vya mpira huacha mchanga, na maji yakipenya chini ya mbao, mbao huvimba na kuinuka. Sakafu inayopaswa kubadilishwa baada ya miaka michache haijaitunza dunia hata kidogo.

Mtu atasema: lakini saruji nayo ni mbaya. Ni kweli. Ili kuitengeneza, mawe ya chokaa huchomwa kwa moto unaozidi nyuzi 1,400, na karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na wanadamu hutokana na saruji. Kama bwana huyu angekuwa anaanza kujenga leo, jambo hilo lingestahili kupimwa. Lakini saruji yake ipo tayari. Moshi wake ulikwisha kupanda angani siku ile ilipochomwa, na kuifunika kwa mbao hakuwezi kuurudisha. Sakafu iliyo rafiki wa mazingira kuliko zote, msomaji, mara nyingi ni ile uliyo nayo, ukiziba nyufa zake.

Sebuleni na jikoni

Sasa turudi kwa mama. Maneno yake yalikuwa machache, lakini yaligusa penyewe.

Sebuleni ndiko wageni huketi. Huko ndiko watakakoisifu sakafu, na bwana atawaeleza habari za mwanzi. Jikoni hakuna mgeni. Huko mama huinama juu ya mafiga, macho yakitoka machozi, na mtoto mchanga mgongoni akivuta moshi ule ule. Moshi wa kuni ndani ya nyumba huumiza mapafu, nao huwaletea watoto wadogo homa ya mapafu. Tena mafiga matatu hula kuni nyingi, kwa sababu sehemu kubwa ya moto hutoka pembeni bila kuigusa sufuria. Jiko la kuni lililofungwa vizuri na lenye bomba la kutolea moshi hutumia kuni chache zaidi kwa chakula kile kile.

Kwa hiyo ikiwa bwana anataka kweli kuokoa miti, miti anayoweza kuiokoa haiko China. Iko katika mzigo wa kuni anaoubeba mkewe. Kila siku nyumba yake huchoma msitu kidogo, naye hakuuona, kwa sababu haubebi yeye.

Hatusemi kwamba mume huyu ni mnafiki. Twasema jambo lililo karibu na kila mmoja wetu: moyo wa mwanadamu hupenda wema unaoonekana kuliko wema unaohitajika. Wazee wa pwani husema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Basi ukitaka kuipima nia yako, jiulize hivi: ningefanya jambo hili kama hakuna mtu ambaye angejua kamwe? Kama jibu ni ndiyo, endelea kulifikiria. Kama jibu ni hapana, ulichokuwa unakitaka ni sifa, na sifa hununuliwa kwa fedha za mtu binafsi, si kwa fedha za nyumba.

Katika barua yake ya mwaka 2015 iitwayo Laudato Si', hayati Papa Fransisko alisisitiza kwamba kuitunza dunia hakutenganishwi na kuwatendea haki maskini. Wengi wetu tukisikia neno maskini tunatazama mbali. Tuanze na yule anayekohoa jikoni kwetu.

Dhamiri ya mmoja, mali ya wawili

Lakini bado hatujamjibu bwana. Tuseme jiko limekwisha kujengwa, na mbao ni nzuri, gundi ni salama, na bei inafaa. Mke bado hataki. Je, mume aweza kuendelea kwa kuwa jambo ni jema na dhamiri yake inamsukuma?

Hapa yafaa tutofautishe mambo mawili. Liko jambo la kujizuia kutenda uovu, na liko jambo la kutenda wema kwa kutumia mali.

Dhamiri ikikuambia, "Usitende hili, ni baya," huhitaji ruhusa ya mtu. Kama mkeo anataka mkate miti iliyo ukingoni mwa mto ili kupanda chai hadi majini, unaweza kukataa peke yako, hata akinuna mwezi mzima. Mto ni wa watu wote walio chini yenu, na ninyi wawili hamwezi kukubaliana juu ya kuiba kitu kisicho chenu. Hata mke vivyo hivyo. Mumewe akitaka auze kuni zilizokatwa kwa wizi msituni, aseme hapana, wala hamkosei heshima.

Lakini dhamiri ikikuambia, "Tenda wema huu," na wema huo unagharimu fedha za wote wawili, hapo jambo ni tofauti. Kutoa ni kuzuri, lakini mtu hutoa kilicho chake. Ukitoa cha mwenzako bila ridhaa yake, wewe utabaki na furaha ya kutoa, naye atabaki na upungufu tu. Sadaka ni yake, na baraka umejichukulia wewe. Je, huo ni wema?

Na hapa tuseme wazi, maana katika nchi ya chai jambo hili huleta machozi mengi. Mara nyingi nambari ya mkulima imeandikwa kwa jina la mume, na bonasi huingia katika akaunti yake. Lakini nani aliyechuma? Tazama vidole vilivyo na utomvu mweusi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 husema mume na mke wana haki sawa wakati wa kuoana, wakiwa katika ndoa na hata ikivunjika. Na sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka 2013 huhesabu kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kazi ya shambani kuwa mchango wa mtu katika mali hiyo. Lakini mtu aliyefunga ndoa hakupaswa kungoja sheria imfundishe. Siku aliposema "nakupokea" alikubali kwamba hakuna tena jasho la peke yake.

Kwa hiyo jibu letu kwa ndugu yetu ni hili: ndiyo, ungekosa. Sakafu yenyewe haina ubaya. Kosa lingekuwa kuutumia wema kama njia ya kumshinda mwenzako. Anayesema, "Mimi naijali dunia, wewe hujali," amelifanya jambo jema kuwa fimbo.

Je, tusubiri hata lini?

Msomaji mwingine atatupinga. Atasema: "Mkisema hivyo, hakuna jema litakalotendeka. Kila mara mmoja atakataa, na mchoyo ndiye atakayeitawala nyumba."

Pingamizi hili lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Ni kweli kwamba neno "sikubali" laweza kuwa uchoyo, na jikoni kwaweza kugeuzwa kisingizio. Mama, ujichunguze nawe. Kama mwaka huu wasema jiko kwanza, na mwaka ujao utasema kabati kwanza, na ule mwingine makochi kwanza, basi hujali moshi, unaogopa tu kumwachia mumeo nafasi. Ridhaa haina maana ya mmoja kuwa na kufuli ya milele mkononi. Maana yake ni kwamba kila mmoja ana wajibu wa kusikiliza mpaka aweze kuyaeleza mawazo ya mwenziwe kwa namna ambayo mwenyewe atasema, "Naam, ndivyo nilivyomaanisha." Wakifika hapo, mara nyingi ubishi huwa umekwisha nusu.

Tena subira katika ndoa si kupoteza wakati. Mwanzi wenyewe watufundisha. Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kupandwa hauna fahari, kwa kuwa unakaza mizizi chini. Baadaye ndipo machipukizi makubwa hutoka.

Mnaweza kufanya nini

Basi wewe bwana na wewe bibi mnaosoma ukurasa huu, twawashauri hivi.

Kwanza, kabla bonasi haijafika, ketini wawili na kalamu na karatasi. Katika miaka ya karibuni bonasi ya upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ile ya mashariki, kwa hiyo msipange kwa fedha za ndotoni. Andikeni karo, deni, na chakula. Kisha kila mmoja aandike jambo moja analotamani, na aeleze kwa nini.

Pili, anzeni na kinachoumiza mwili. Moshi huja kabla ya sakafu.

Tatu, kama mwaipenda mianzi kweli, ipandeni. Kama shamba lenu linafika mtoni, kichaka cha mianzi kitaishika kingo kuliko mikaratusi, ambayo mwaka 2009 waziri wa mazingira aliagiza ing'olewe kando ya mito kwa kuwa hunywa maji mengi. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Londiani, katika Kaunti ya Kericho. Huko mtaweza kuuliza ni aina gani inayofaa kwa kimo cha shamba lenu. Msikate mwanzi kabla haujatimiza miaka mitatu, na mkiukata kwa kazi ya ujenzi mkautibu kwanza, la sivyo bungua watautoboa wote.

Nne, siku mtakapohitaji sakafu mpya, ulizeni maswali: ubao umetoka wapi, umeshikwa kwa gundi gani, utadumu miaka mingapi katika mvua zetu? Majibu yakiwa mazuri, na wote wawili mkiridhika, itandikeni kwa amani. Kuipenda nyumba nzuri si dhambi.

Twamwomba ndugu yetu wa Bomet aende jikoni jioni moja, si kukagua, bali kukaa. Avute kigoda karibu na mafiga, akae mpaka ugali uive, kisha amwambie mkewe, "Mama watoto, sasa nimeelewa." Huenda mwaka mwingine mama huyo huyo ndiye atakayesema, "Zile mbao zako za mianzi, bei yake ilikuwa kiasi gani?"

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Ni jambo gani jema ambalo mmoja wetu amelitenda kwa fedha zetu bila mwingine kujua? Tulijisikiaje?
2. Ni mzigo gani nyumbani ambao mmoja wetu haubebi, na kwa hiyo hauoni?
3. Bonasi ya mwaka huu, tutaanza na nini, na kwa nini?